Kuziba mfereji wa mzizi wa jino: mbinu unayotumia inavyoathiri ncha, hatua kwa hatua

Jino lililotibiwa mzizi linaweza kudumu mdomoni maisha yote ya mwenye jino. Linaweza pia kuanza kuuma tena baada ya miaka michache, na picha ya eksirei ikaonyesha kivuli cheusi kilekile kwenye ncha. Mara nyingi siri ya tofauti hiyo imo katika milimita 3 au 4 za mwisho za mzizi. Huko jicho halifiki. Tunafanya kazi kwa kuhisi kwa vidole, kwa vipimo na kwa picha.

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno, tabibu wa meno na mwanafunzi aliye karibu kuziba mfereji wake wa kwanza peke yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mbinu ya kuziba ina athari kubwa kwenye ncha, ila hakuna mbinu isiyovuja. Kila moja ina mahali pake inapovujia, na anayepajua mahali hapo ndiye anayeziba vizuri. Kubishana ipi ni bora bila kutaja umbo la mfereji ulio mbele yako ni kupoteza muda.

Kinachozibwa pale nchani

Mfereji hupungua upana kuelekea ncha hadi kufika mahali pembamba kuliko pote, yaani mbano wa ncha, kisha hupanuka kidogo kuelekea tundu linalofungukia nje ya mzizi. Kwa kawaida mbano huo uko nusu milimita hadi milimita 1 ndani ya tundu. Kuttler, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1955, alionyesha kwamba umbali huo ni mkubwa zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, kwa sababu simenti inayofunika mzizi huendelea kujijenga miaka yote. Tena tundu lenyewe mara nyingi haliko kwenye kilele cha mzizi. Liko ubavuni kidogo. Kwa hiyo koni, yaani kijiti cha gutapacha kinachojaza mfereji, inayoonekana kwenye picha imefika sawasawa na kilele inaweza kuwa imeshatoka nje.

Milimita 3 za mwisho ndizo zenye vijifereji vya pembeni vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mzizi. Hakuna faili, yaani chuma chembamba cha kukwangulia mfereji, linaloingia humo. Humo hufika dawa ya kusafishia, na baadaye sila (uji wa kuzibia unaoganda) au gutapacha iliyolainishwa, ikiwa kazi imefanywa vizuri.

Tunaziba nini hasa? Zamani iliaminika kwamba majimaji ya mwilini yakipenya kwenye nafasi iliyobaki nchani yanaoza humo na kuleta uvimbe. Jaribio la Kakehashi na wenzake la mwaka 1965 lilibadilisha fikra hizo: kiini cha jino kilichoachwa wazi kilipona kwa panya waliolelewa bila vijidudu kabisa, na kikafa kwa panya wa kawaida. Adui ni bakteria. Kuziba kwa ncha kuna kazi tatu: kuwafungia waliobaki wasipate chakula kutoka kwenye majimaji ya tishu, kuwanyima nafasi ya kukaa, na kuwazuia wanaoshuka kutoka mdomoni wasifike kwenye mfupa. Ukishika hilo, utaelewa kwa nini mfereji uliojazwa vizuri lakini haukusafishwa hauponi.

Gutapacha na sila

Gutapacha hutokana na utomvu wa miti ya jamii ya Palaquium ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ndani ya koni tunayoitumia, utomvu huo ni takribani sehemu moja kwa tano tu. Sehemu kubwa ni oksidi ya zinki, pamoja na chumvi za metali zinazoifanya ionekane kwenye eksirei. Mambo mawili kuhusu koni yasikutoke akilini. Kwanza, haishikani yenyewe kwa yenyewe na dentini, yaani sehemu ngumu ya jino inayofanya ukuta wa mfereji. Pili, ikipashwa moto hulainika na kutanuka, na ikipoa hunywea. Usipoendelea kuikandamiza wakati inapoa, itajivuta kutoka ukutani na kuacha mwanya.

Sila ndiyo inayojaza mwanya kati ya koni na dentini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6876 kinataka tabaka lake lisizidi unene wa maikromita 50, na isiyeyuke kwa zaidi ya asilimia 3 ya uzito wake. Sila ya oksidi ya zinki na yujeno imetumika kwa vizazi. Huyeyuka polepole na hunywea kidogo, kwa hiyo ikiwa nene nchani ni hasara. Sila ya epoksi hushikilia ukuta vizuri na huyeyuka kidogo sana. Sila ya silikati ya kalsiamu huganda kwa kutumia unyevu uliomo kwenye dentini, na haina mnyweo wa kutia wasiwasi. Kanuni ya zamani kwamba gutapacha iwe nyingi na sila iwe kidogo bado ni sahihi kwa aina mbili za kwanza. Kwa aina ya tatu imelegea, na nitaeleza huko mbele.

Hatua ya 1: pata urefu sahihi

Pazia la mpira liwe limewekwa kabla ya lolote. Bila hilo mate yanaingia, na mate ni bakteria.

Tumia kipima-ncha cha umeme pamoja na picha. Kifaa hiki kilitokana na kazi ya Sunada ya mwaka 1962, aliyegundua kwamba ukinzani wa umeme kati ya tishu inayozunguka mzizi na utando wa mdomo haubadiliki sana kati ya mtu na mtu. Ili kisome sawasawa, kausha chumba cha juu cha jino, acha unyevu ndani ya mfereji, chagua faili linalogusa kuta kule chini, na hakikisha faili haligusi taji au kijazo cha metali. Ingiza hadi kifaa kionyeshe tundu, kisha rudi nusu milimita. Huo ndio urefu wako wa kazi. Uandike, na utaje alama ya jino uliyopimia, kwa mfano ncha ya kilima cha shavuni. Urefu usio na alama ya kupimia hauna maana siku ya pili.

Kwa nini niwe mkali hivi kwenye urefu? Sjögren na wenzake, mwaka 1990, waliangalia meno yaliyokuwa na kiini kilichokufa na uvimbe nchani. Kijazo kilipoishia ndani ya milimita 2 za kilele, asilimia 94 yalipona. Kilipotoka nje, ni asilimia 76. Kilipoishia mbali zaidi ya milimita 2, ni asilimia 68. Sijui uamuzi mwingine wa mtendaji, akiwa kitini pake, wenye uzito kama huo.

Hatua ya 2: tengeneza kisimamio

Mfereji uwe na umbo linalopungua taratibu kuelekea ncha, na pale chini kabisa pawe na kisimamio kinachoizuia koni isiteleze nje. Katikati ya kila faili na lingine, pitisha faili namba 10 kidogo tu kuvuka mbano, kwa upole, kuhakikisha njia iko wazi. Usipofanya hivyo, vumbi la dentini litajishindilia nchani. Utaziba juu ya uchafu ukidhani umeziba ncha, na picha itaonyesha kazi fupi isiyo na maelezo.

Kosa baya hapa ni kunyoosha mfereji uliopinda. Faili gumu la chuma likizungushwa kwa nguvu kwenye mkunjo hukata ukuta wa nje, na tundu la duara hugeuka kuwa mpasuko mrefu. Koni ni ya duara. Haitawahi kujaza mpasuko, na huwezi kuirudisha dentini iliyokatwa. Kwenye mikunjo tumia mafaili ya nikeli-titani, au mafaili membamba ya chuma uliyoyapinda mapema, na usikimbilie namba kubwa.

Kabla ya kuacha hatua hii, pima upana wa ncha. Ingiza faili la mkono la namba uliyoishia bila kulizungusha. Likisimama penye urefu wa kazi na kukataa kuendelea ukilisukuma kwa upole, sawa. Likipita, jaribu linalofuata. Faili namba 25 lina upana wa milimita 0.25 kwenye ncha yake, kwa hiyo kipimo hiki kinakuambia koni ya namba gani inafaa.

Hatua ya 3: safisha, kisha kausha

Sodiamu haipokloraiti ndiyo inayoyeyusha mabaki ya kiini na kuua bakteria. Hutumika kuanzia asilimia 0.5 hadi 5.25, kiasi na muda vina uzito kuliko ukali peke yake. Tumia sindano yenye tundu la ubavuni, isibane ndani ya mfereji, na ifike milimita 1 hadi 2 kabla ya urefu wa kazi. Dawa haisafiri mbali mbele ya sindano, hivyo sindano inayoishia katikati ya mzizi inasafisha katikati ya mzizi. Sindano inayobana ni hatari ya kweli: dawa ikisukumwa kwenye mfupa huleta maumivu makali na uvimbe wa ghafla.

Mafaili huacha utando wa vumbi la dentini unaofunika vinyweleo vya ukuta. Uondoe kwa EDTA ya asilimia 17 kwa dakika 1 hivi, kisha malizia kwa suuza yako ya mwisho. Utando ukibaki, sila inashikana na vumbi badala ya ukuta. Usichanganye haipokloraiti na kloheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ndani ya mfereji: huleta mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vinyweleo. Ukitaka kutumia zote mbili, suuza kwa maji safi katikati na kausha.

Kausha kwa vijiti vya karatasi vilivyokatwa kwa urefu wa kazi, na vitazame vinapotoka. Kijiti kikavu chote ni ruhusa ya kuendelea. Chenye damu kwenye ncha tu maana yake umevuka mbano, au umeupanua: rudi ukapime urefu. Kinacholowa tena na tena majimaji mepesi kinakuambia tishu ya nje bado inatoa maji. Weka haidroksidi ya kalsiamu, funga, na mwite mgonjwa siku nyingine. Kuziba mfereji unaotoa maji kwa sababu foleni ni ndefu ni kumpa mgonjwa kazi ya kurudi.

Kwa sila ya silikati ya kalsiamu usikaushe kupita kiasi, wala usitumie spiriti, kwa kuwa inahitaji unyevu kidogo ili igande.

Hatua ya 4: koni kuu

Hapa ndipo ncha inapozibwa kweli, haijalishi utafuata mbinu gani. Chagua koni inayolingana na kipimo cha hatua ya 2, iweke alama kwa koleo penye urefu wa kazi, na iingize mfereji ukiwa na unyevu. Itimize masharti matatu: ifike urefu wote, isipite hata ukiisukuma, na igome kidogo unapoivuta. Kugoma huko kuhisike kule chini. Koni yenye mteremko mkubwa, yaani inayonenepa haraka kuelekea juu, inaweza kubana juu, karibu na mdomo wa mfereji, huku ncha yake ikielea. Ukiwa na shaka, itoe uitazame. Alama za kukwaruzwa zikiwa juu tu, imekudanganya.

Ikipita urefu, kata ncha yake nusu milimita nusu milimita hadi isimame. Isipofika, usiilazimishe: ama kuna vumbi nchani, ama mfereji haujapata umbo. Piga picha ikiwa ndani. Picha hii haina mbadala, kwa sababu ni nafasi ya mwisho ya kurekebisha bila gharama.

Hatua ya 5: chagua mbinu kwa kujua inapovujia

*Kushindilia pembeni kwa baridi.* Ndiyo mbinu inayofundishwa zaidi duniani, na haihitaji mashine. Mafanikio yake nchani yanategemea jambo moja: spreda, yaani chombo chembamba chenye ncha kali cha kusukumia koni pembeni, inafika wapi. Utafiti wa Allison na wenzake wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba kadiri spreda inavyokaribia mwisho wa mfereji ndivyo ncha inavyozibika vizuri. Basi kabla ya kuchanganya sila, ingiza spreda pembeni ya koni kuu. Ifike ndani ya milimita 1 hadi 2 za urefu wa kazi. Isipofika, chukua nyembamba zaidi, au ya nikeli-titani kwenye mfereji uliopinda, au koni kuu yenye mteremko mdogo.

Paka sila kidogo ukutani, na kwenye theluthi ya mwisho ya koni. Iingize polepole, ukiruhusu hewa itoke. Sukuma spreda kwa vidole, iache kwa sekunde chache gutapacha ikubali umbo jipya, izungushe kidogo kulia na kushoto, itoe, na papo hapo weka koni ndogo isiyo nene kuliko spreda. Rudia hadi spreda isiweze kupita theluthi ya juu. Kata kwa chombo cha moto penye mdomo wa mfereji, kisha shindilia kuelekea chini.

Mbinu hii huvujia wapi? Kati ya koni na koni, kwa sababu haziungani kuwa kitu kimoja. Huwa ni koni nyingi ndani ya sila. Kwenye mfereji wa umbo la yai, pembe zake hubaki na sila tupu. Na kwa mwenye haraka, spreda inayoishia milimita 5 juu huacha ncha ikiwa na koni moja iliyolegea. Nguvu nyingi nayo si jibu, maana inapasua mzizi, na mpasuko wa wima kwa kawaida hauna tiba ila kung'oa.

*Kushindilia wima kwa joto.* Schilder aliieleza mwaka 1967, na wengi leo hutumia toleo lake la wimbi moja endelevu, lenye plaga ya umeme, yaani chombo chenye ncha butu cha kupasha na kushindilia. Wazo ni kuilainisha gutapacha na kuisukuma iingie kwenye vijifereji ambavyo spreda haiwezi kuvigusa. Kwenye mfereji wenye matawi, au wenye ukuta ulioliwa kwa ndani, mimi huona hii ndiyo mbinu ya kuanza kuifikiria.

Kata koni kuu nusu milimita fupi ya urefu wa kazi, kwa kuwa itasogea. Jaribu plaga kwenye mfereji mtupu: ishike ukuta penye milimita 4 hadi 5 kabla ya mwisho, na uweke alama hapo. Tumia sila kidogo sana. Washa plaga, kwa kawaida nyuzi 200 za Selsiasi kwenye kifaa, na isukume kwa mwendo mmoja wa sekunde chache hadi karibu milimita 3 juu ya alama. Zima moto lakini usiache kusukuma. Ifikishe kwenye alama na uishikilie hapo sekunde 10 hivi gutapacha ikipoa. Kisha washa kwa sekunde 1 kuiachanisha, na utoe. Sehemu ya juu ijaze kwa gutapacha ya moto kidogo kidogo, ukishindilia kila mara.

Zile sekunde 10 usiziruke. Ndizo zinazopambana na mnyweo. Watu huziona ni kupoteza muda kwa sababu hakuna kinachoonekana kutokea, wakati humo ndani koni inaamua kama itashikana na ukuta au itajivuta.

Hatari zake ni mbili, na zinapingana. Ya kwanza ni kutoka nje: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Peng na wenzake mwaka 2007 ulikuta kwamba gutapacha ya moto huvuka ncha mara nyingi zaidi kuliko ya baridi, ingawa kwa maumivu baada ya matibabu na kwa matokeo ya muda mrefu mbinu hizo mbili hazikutofautiana kwa wazi. Ya pili haitajwi sana, nami naiona nzito zaidi. Joto halisafiri mbali ndani ya gutapacha. Hupenya milimita chache tu mbele ya plaga. Mfereji ukiwa mwembamba au umepinda na plaga ikaishia milimita 8 kutoka mwisho, sehemu ya juu itajazwa kwa uzuri wa kupendeza, na ncha itakuwa na koni moja baridi. Daktari ataandika kwamba ameziba kwa joto. Ncha haikulipata joto hilo.

Usiiache plaga ikiwaka. Mfupa huanza kudhurika ukifika nyuzi 47 kwa dakika 1, na mizizi yenye kuta nyembamba, kama ya kato za chini, hupitisha joto upesi. Soma pia maelezo ya sila yako, kwa kuwa baadhi hubadilika tabia zikipashwa.

*Koni moja na sila ya silikati ya kalsiamu.* Mbinu hii imeenea haraka kwa sababu ni rahisi, na urahisi wake ni wa kweli. Koni inayolingana na faili la mwisho hutumika kuisukuma sila kwenye kila pembe, na sila yenyewe ndiyo kijazo. Kwa mfereji wa duara wenye koni iliyobana vizuri nchani, ncha hubaki na tabaka jembamba la sila pande zote, na hakuna joto wala nguvu iliyotumika. Naikubali kwa mizizi myembamba iliyopinda.

Weka sila kwa ncha ya bomba lake isipite theluthi ya kati, usiisindikie nchani. Koni ndiyo itakayoipeleka, ikiingizwa polepole, ikipandishwa na kushushwa kidogo mara mbili tatu. Inapovujia ni kwenye mifereji mipana au ya umbo la yai, ambako sila huwa nyingi na mapovu ya hewa hubaki. Kuna jambo jingine la kulipima mapema: ikiganda ngumu mbele ya koni iliyoishia fupi, kurudi kuifungua njia hadi ncha ni kazi ngumu sana, na wakati mwingine haiwezekani. Kwa hiyo ile picha ya koni kuu, kwa mbinu hii, ni ya lazima zaidi.

*Gutapacha ya kudungwa na ya kibebeo.* Kudunga gutapacha iliyoyeyushwa ni kuzuri kwa kujaza juu baada ya ncha kufungwa. Kuanzia nchani hakuna cha kuizuia, hivyo urefu unabaki kuwa bahati. Kibebeo, yaani kijiti kilichofunikwa gutapacha na kupashwa kwenye tanuri yake, hujaza haraka, lakini kwenye mkunjo mkali gutapacha inaweza kuchunwa na kuta, na nchani kikafika kijiti kitupu. Kwenye picha kitaonekana kimefika. Picha haitakuambia kiko uchi.

Ncha isiyo na mbano

Jino la mtoto lililokufa kiini kabla mzizi haujakomaa lina ncha pana, na hata mtu mzima anaweza kuwa nayo baada ya uvimbe kuila. Koni haina pa kusimama, na mbinu zote nilizoeleza zitasukuma vitu nje. Hapa weka kizibo cha MTA, au saruji nyingine ya silikati ya kalsiamu, cha milimita 4 hadi 5 nchani, kwa plaga iliyopimwa isivuke urefu. Piga picha, ongeza au ondoa, acha igande, ndipo ujaze juu kwa gutapacha. Kwa mzizi wa mtoto fikiria kwanza matibabu ya kuuhuisha ili kuta ziendelee kukua. Ukuta mwembamba uliozibwa vizuri bado huvunjika.

Usiamini kila jaribio la uvujaji

Utakutana na tangazo la bidhaa linalosema mbinu fulani inavuja kidogo kuliko nyingine. Majaribio hayo kwa kawaida hufanywa kwa meno yaliyong'olewa, yaliyotumbukizwa kwenye wino au methilini ya buluu, kisha yakapasuliwa na kupimwa rangi ilipofika. Molekuli ya rangi ni ndogo mno kuliko bakteria. Hewa iliyonaswa kwenye mwanya huizuia rangi isiingie, na hivyo mwanya mkubwa unaweza kuonekana umezibwa. Majaribio ya kupitisha maji kwa shinikizo au ya bakteria yana nguvu zaidi, lakini nayo hupanga mbinu kwa mfuatano tofauti kulingana na aliyeyafanya. Mwaka 2007 jarida la Journal of Endodontics lilifikia hatua ya kutangaza kwamba halitachapisha tena tafiti za kulinganisha uvujaji wa namna hiyo. Mbinu iulizwe kuhusu wagonjwa: meno mangapi yamepona, baada ya miaka mingapi.

Funga juu ili chini kubaki kumefungwa

Gutapacha iliyoachwa wazi kwa mate haihimili muda mrefu. Bakteria hushuka kati yake na ukuta hadi nchani. Ray na Trope, mwaka 1995, walisoma picha za meno yaliyotibiwa na kukuta kwamba ubora wa kijazo cha juu ulihusiana na afya ya ncha kuliko hata ubora wa kijazo cha mzizi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha vyote viwili vina uzito. Kijazo cha muda kisipungue milimita 3.5 kwa unene, na cha kudumu kisisubiri miezi. Ukitoboa nafasi ya nguzo ya kushikilia taji, acha milimita 4 hadi 5 za gutapacha nchani zisiguswe. Ukitumia sila yenye yujeno, safisha chumba vizuri kabla ya kuweka kijazo cha rangi ya jino, maana yujeno huizuia kuganda.

Kusoma picha ya mwisho

Tazama ncha kwanza, weupe wa juu baadaye. Kijazo kiishie ndani ya milimita 2 za kilele, bila kuvuka. Tafuta mstari mweusi kati ya kijazo na ukuta, na mapovu katika theluthi ya mwisho. Badilisha pembe ya picha kama mzizi una mifereji miwili, kwa kuwa mmoja huuficha mwingine. Tone dogo la sila nje ya tundu halina shida kwa kawaida. Mwili huliondoa au hulivumilia. Koni iliyotoka nje ni jambo jingine, hasa ikiwa sila bado haijaganda: itoe na uanze upya siku hiyo.

Kwa magego ya chini, na hata kwa gego dogo la pili lililo mbele yake, kumbuka neva inayopita ndani ya taya. Mgonjwa akirudi na ganzi ya mdomo wa chini au kidevu isiyoisha baada ya dawa ya ganzi kupita muda wake, usimwambie asubiri. Piga picha na mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa kinywa siku hiyohiyo, kwa sababu neva iliyobanwa au kuchomwa na sila ina muda mfupi wa kuokolewa.

Mwite mgonjwa baada ya mwaka 1 kwa uchunguzi na picha. Kivuli kilichopungua lakini hakijaisha kifuatiliwe hadi miaka 4 kabla ya kusema matibabu yameshindwa. Mfupa hujijenga polepole. Kikibaki vilevile au kikikua, fungua upya kutokea juu kama kuna urefu ambao hukuufikia au mfereji uliosahaulika. Kama mfereji umejazwa hadi mwisho vizuri na bado hauponi, au njia ya juu imefungwa na nguzo isiyotoka bila kuvunja mzizi, njia iliyobaki ni upasuaji wa ncha: mzizi hukatwa milimita 3, sehemu inayobeba karibu matawi yote ya ncha, kisha mfereji huchimbwa kwa nyuma milimita 3 nyingine na kuzibwa kwa saruji ya silikati ya kalsiamu.